Mtakatifu Giovanni Battista Scalabrini: Mchungaji Aliyewatafutia Wahamiaji Haki



Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Hapa kwetu katika bonde la Kilombero methali hiyo ni historia yenyewe. Wandamba, Wapogoro na Wambunga waliitangulia ardhi hii, na baada yao wakaja wengine wengi. Kiwanda cha sukari kule Kidatu kiliwaita wakata miwa kutoka mikoa ya mbali. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta watu Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na baadhi yao hawakurudi tena makwao. Mpunga uliwavuta wakulima. Majani mabichi ya uwanda wa mafuriko yakawavuta wafugaji Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig pamoja na ng'ombe wao. Leo katika Jumuiya Ndogo Ndogo moja ya hapa Ifakara unaweza kusikia Rozari ikianzishwa kwa lafudhi nne au tano.

Jembe, basi, tumewapa wengi. Lakini sisi wachungaji tunaokaa ofisini parokiani tunajua swali linalofuata. Shamba analolilima mgeni huyo, limeandikwa kwa jina la nani? Si mara moja tumeketi na mjane ambaye mumewe alilinunua shamba kwa kuandikishana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi ambaye naye amekwisha fariki. Siku arobaini za msiba hazijaisha, ndugu za marehemu wamewasili kutoka mbali, na muuzaji wa zamani amekumbuka ghafla kwamba alilikodisha tu, hakuliuza. Mama huyo anakuja kwa padre kwa sababu hajui aende wapi kwingine. Nasi, tukiwa wakweli, mara nyingi tumemwombea tukamwacha aende zake, kwa kuwa hatukujua la kufanya zaidi.

Ndiyo maana leo tunapenda kuwasimulia maisha ya askofu mmoja aliyekataa kuishia kwenye kuomba peke yake.

Mtoto wa Fino Mornasco

Giovanni Battista Scalabrini alizaliwa tarehe 8 Julai 1839 katika kijiji cha Fino Mornasco, karibu na mji wa Como, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanane. Baba yake aliuza divai. Familia haikuwa fukara wala haikuwa tajiri. Uhamiaji aliujua kwanza nyumbani kwao kabla hajausoma vitabuni, kwa maana ndugu zake wa damu walivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini kutafuta maisha, na mmoja wao alifia majini meli ilipozama.

Alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1863. Alitamani kwenda kuwa mmisionari katika nchi za mbali, lakini askofu wake alimbakiza, akamfanya mwalimu na baadaye gombera wa seminari ndogo. Mwaka 1870 alipewa parokia ya Mtakatifu Bartolomeo, pembezoni mwa mji wa Como, iliyojaa wafanyakazi wa viwanda vya hariri. Hapo alianzisha shule ya watoto wadogo na kuwaandikia katekisimu yao, akajifunza namna ya kuwafundisha viziwi ili nao wapate kuungama na kukomunika. Tabia yake ya kudumu ilionekana tangu hapo: akikutana na mtu asiyefikiwa na huduma ya Kanisa, hakumlaumu mtu huyo kwa kutokuja, bali aliitafuta njia ya kumfikia.

Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 36, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Piacenza. Jimbo hilo lilikuwa na parokia 365, nyingi zikiwa milimani ambako barabara haikufika. Alizitembelea zote, kwa miguu na kwa nyumbu, na alipomaliza alianza upya, hata ikawa mara tano katika uhai wake. Katika baridi kali ya mwaka 1879 kuingia 1880, njaa ilipowashika watu wa Piacenza, aligeuza sehemu ya nyumba ya kiaskofu kuwa jiko la kuwapikia supu maskini. Fedha zilipokwisha aliuza farasi wake, kisha akatoa kalisi na msalaba wake wa kifuani ili chakula kiendelee kupatikana.

Stesheni ya Milano

Katika ziara yake ya kwanza ya kichungaji Askofu Scalabrini aliwahesabu kondoo wake, akagundua kwamba wengine hawamo zizini. Karibu watu 28,000 wa jimbo lake walikuwa wamekwenda ng'ambo. Italia yote ilikuwa ikihama wakati huo. Kati ya mwaka 1876 na 1914 waliondoka takribani watu milioni 14. Kodi zilikuwa nzito, mashamba yalikuwa ya mabwana wachache, na huko Brazili, ambako utumwa ulifutwa mwaka 1888, wenye mashamba ya kahawa walikuwa wakitafuta mikono mipya ya kuchuma.

Siku moja alipita katika stesheni ya treni ya Milano. Aliona ukumbi umejaa mamia ya watu waliovaa nguo kuukuu: wazee waliopinda migongo, vijana, akina mama wenye watoto mgongoni na mikononi. Wote walikuwa wakisubiri treni ya kuwapeleka bandarini, kisha meli ya kwenda Amerika. Kila mmoja alikuwa na tiketi aliyouziwa na wakala na ahadi aliyopewa na wakala yuleyule. Treni ikaja, ikawachukua, ukumbi ukabaki mtupu. Askofu aliondoka pale akiwa na uchungu moyoni, na baadaye alikiri hadharani kwamba alijisikia aibu: yeye kama padre na kama Mwitaliano alijiuliza awafanyie nini watu wale, asipate jibu la haraka.

Jibu alilitafuta kwa miaka. Hatua ya kwanza ilikuwa kujua. Alikusanya taarifa, akasoma takwimu za serikali, akawaandikia mapadre wa ng'ambo. Aligundua kwamba mhamiaji huumizwa katika vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni kijijini, ambako wakala hulipwa kwa kila kichwa anachokisafirisha, kwa hiyo hutoa ahadi za uongo, na mkulima huuza kishamba chake chote ili apate nauli. Cha pili ni bandarini, ambako wenye nyumba za kulala wageni, wabadilisha fedha na matapeli humnyonya wakati akisubiri meli. Cha tatu ni ng'ambo, ambako husaini mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, akajikuta ana deni kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Katika vituo vyote vitatu kasoro ni ileile: mtu huyu ana nguvu, ana imani na ana familia, lakini hana karatasi wala mtu wa kumsomea karatasi.

Mapadre, walei na sheria

Mwaka 1887 alichapisha kijitabu juu ya uhamiaji wa Waitaliano kwenda Amerika, na tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, kwa idhini ya Papa Leo XIII, alianzisha Shirika la Wamisionari la kuwahudumia wahamiaji, lililokuja kuwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Karoli Borromeo. Ndiye pia aliyemhimiza Mama Francesca Cabrini, ambaye leo ni mtakatifu, aende New York kuwatumikia Waitaliano. Masista wake walifika huko mwaka 1889. Mwaka 1895 lilizaliwa Shirika la Masista Wamisionari wa Mtakatifu Karoli, pamoja na Padre Giuseppe Marchetti na dada yake Assunta, aliyetangazwa mwenyeheri mwaka 2014.

Lakini Askofu Scalabrini alitambua mapema kwamba altare peke yake haitoshi. Padre anaweza kumbatiza mtoto wa mhamiaji. Kumtetea baba yake dhidi ya mkataba mbovu ni kazi inayohitaji mwanasheria. Kwa hiyo mwaka 1889 alianzisha chama cha walei, Chama cha Mtakatifu Rafaeli, akikichukulia mfano chama cha namna hiyo kilichoanzishwa Ujerumani na mlei Peter Paul Cahensly. Jina lilichaguliwa kwa maana: Rafaeli ndiye malaika aliyemsindikiza kijana Tobia safarini, akamsaidia kuidai fedha ya baba yake, akamrudisha nyumbani salama. Rais wake alikuwa mlei, Giovanni Battista Volpe Landi. Kazi ya chama ilikuwa kumpa mhamiaji ushauri kabla hajaondoka, kumlinda bandarini, kumpokea ng'ambo, kumtafutia kazi halali na kumsaidia katika hati zake.

Huko Genova, Padre Pietro Maldotti alishinda bandarini akipambana na mawakala na wenye nyumba za wageni, ambao walimchukia kwa kuwaharibia biashara. Huko New York, tangu mwaka 1891, Padre Pietro Bandini alikwenda gatini kuzipokea meli, akiwasemea waliotishiwa kurudishwa na kuwaelekeza waliofika bila mwenyeji.

Habari za huyu Padre Bandini zinatugusa sisi watu wa Kilombero kwa namna ya pekee. Katika jimbo la Arkansas nchini Marekani palikuwa na shamba kubwa la pamba liitwalo Sunnyside. Familia za Kiitaliano zilipelekwa huko kuanzia mwaka 1895 kwa mkataba wa kununua vipande vya ardhi kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Bei ilikuwa kubwa, deni lilizidi kukua, na malaria ya mabondeni iliwaua wengi. Mwaka 1898 Padre Bandini aliongoza kundi la familia hizo kwenda nyanda za juu kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo. Wakanunua ardhi yao wenyewe, wakapanda mizabibu na matunda, wakajenga kanisa na shule. Kijiji hicho, Tontitown, kipo hata leo. Ardhi ilipokuwa na hati kwa majina yao, watoto wao waliirithi. Ilipokuwa ya mkataba wa deni, watoto walirithi deni.

Askofu mwenyewe aliichukua kazi iliyobaki, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote: kuibadili sheria. Tukumbuke mazingira ya wakati ule. Dola la Italia lilikuwa limeiteka Roma mwaka 1870, na uhusiano kati ya Serikali na Kanisa ulikuwa wa uhasama. Wakatoliki wengi waliona kwamba kuzungumza na wabunge wa dola hilo ni kusaliti. Askofu Scalabrini alikubali kushambuliwa magazetini na Wakatoliki wenzake kuliko kunyamaza. Aliwaandikia wenye madaraka, alizunguka miji mikubwa akitoa mihadhara, akafundisha jambo moja kwa uthabiti: mtu ana haki ya kuhama, lakini hakuna mwenye haki ya kumhamisha mwenzake kwa hila ili apate faida. Sheria ya kwanza ya uhamiaji, ya Desemba 1888, iliwatambua mawakala kuliko ilivyowalinda wahamiaji, naye alisema wazi kwamba haitoshi. Hakukata tamaa. Sheria ya Januari 1901 iliwaondoa mawakala wa namna ile, ikaunda idara maalumu ya serikali ya kuwashughulikia wahamiaji, na ikaweka ukaguzi katika meli.

Mwaka huo wa 1901 alivuka bahari mwenyewe kuwatembelea wanawe Marekani, akaonana na Rais Theodore Roosevelt akizungumzia hali yao. Mwaka 1904, akiwa na afya iliyokwisha dhoofika, alikwenda Brazili, akapita katika makambi ya mashamba ya kahawa. Huko São Paulo aliiona nyumba ya yatima aliyoianzisha Padre Marchetti. Padre huyo alikuwa safarini melini wakati mama mmoja kijana alipofariki akiacha mtoto mchanga. Ili kumtuliza baba aliyekuwa amekata tamaa, alimwahidi kumtunza mtoto, akatimiza ahadi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1896, akiwa na miaka 27 tu, kwa ugonjwa alioupata katika huduma.

Aliporudi, Askofu Scalabrini alimwandikia Papa Pio X akipendekeza Kanisa liwe na ofisi moja ya kuwahudumia wahamiaji wa mataifa yote, si Waitaliano peke yao. Hakuishi kuiona. Alifariki Piacenza tarehe 1 Juni 1905, siku ya Sherehe ya Kupaa Bwana. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1997, na Baba Mtakatifu Fransisko akamtangaza mtakatifu tarehe 9 Oktoba 2022, pamoja na Artemide Zatti, bradha Msalesiani muuguzi ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa familia ya Kiitaliano iliyohamia Argentina.

Funzo kwetu

Taifa la Mungu, tungemheshimu mtakatifu huyu kijuujuu tu kama tungemaliza simulizi hapa. Wahamiaji wa Kilombero walio wengi ni raia wa nchi hii, na Katiba yetu, katika ibara ya 17, inampa raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Hawahitaji kibali cha ukaazi kama wanachokihitaji wamisionari, madaktari na watafiti wanaotoka nchi nyingine. Hata hivyo vituo vitatu vya maumivu alivyovitambua Askofu Scalabrini vipo hapahapa.

Kuhusu makazi, mwanajumuiya anayehamia kijijini ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya kijiji, aandikwe, wala asiishi miaka kama mpita njia. Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Mauziano ya pembeni ambayo halmashauri ya kijiji haikuyajua ni mtego. Kuhusu biashara, anayefungua duka au mashine ya kukoboa mpunga akate leseni kwa jina lake mwenyewe; tumeona undugu ukivunjika kwa sababu mali ya mmoja iliandikwa kwa jina la mwenyeji wake.

Na kuhusu urithi, tunasema kwa msisitizo: wosia si uchuro. Wengi wetu tunaogopa kuuandika kana kwamba kalamu inaita kifo. Lakini anayeishi mbali na ukoo wake ndiye mwenye kuuhitaji kuliko wote, kwa sababu siku ya msiba majirani wanaoijua kweli si ndugu, na ndugu wanaokuja hawaijui kweli. Wosia uandikwe ukiwa na akili timamu, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wanaotakiwa na sheria, na uhifadhiwe mahali salama. Ofisi ya RITA hupokea na kutunza wosia. Asiyejua pa kuanzia awatafute wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua.

Tunajua pia kwamba wapo wenyeji wanaosoma maneno haya kwa mashaka. Mkulima aliyeamka akakuta mpunga wake umeliwa na mifugo ana haki ya kulia, na uwanda wetu wa maji hauwezi kubeba kila ng'ombe anayeletwa. Askofu Scalabrini hakufundisha kwamba mgeni ana haki zote na mwenyeji hana. Alifundisha kwamba pasipo sheria inayofuatwa, mgeni na mwenyeji wote huliwa na mtu wa kati: yule anayemuuzia mgeni ardhi isiyo yake, kisha akamchochea mwenyeji amfukuze. Mipaka iliyopimwa na hati zilizoandikwa humlinda wa zamani kama zinavyomlinda wa jana.

Kwa hiyo tunawasihi walei wetu wenye taaluma ya sheria, walimu, watendaji, WAWATA na kamati za Haki na Amani: tengeni japo Jumamosi moja, mketi kigangoni na watu, mwasomee karatasi zao. Ni matendo ya huruma kamili, sawa na kumlisha mwenye njaa. Tobia alihitaji mwenza wa safari aliyeijua njia. Na mjane anayepiga hodi mlangoni kwetu anamhitaji vilevile.

Jembe tulikwisha kumpa mgeni. Sasa tumsaidie aandike jina lake, na la mkewe, juu ya ardhi analolitumia.

Mtakatifu Giovanni Battista Scalabrini, baba wa wahamiaji, utuombee.